Tunakwenda kuwatembelea wenzetu Ujerumani: andiko la paa liingie kwenye begi au libaki?

Katibu_Usharika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naandika nikiwa katibu wa kamati ya ushirikiano ya usharika wetu, KKKT Dayosisi ya Kaskazini, huku mlimani Kilimanjaro. Tuna usharika rafiki Ujerumani, jimbo la Saxony. Wao wameshatutembelea mara mbili. Mara ya mwisho walikaa siku kumi, wakalala majumbani mwetu, wakateremka nasi shambani kuchuma kahawa, na kuna bibi mmoja wa kwao ambaye hadi leo kila barua yake inamsalimia ng'ombe wa mwinjilisti wetu.

Sasa ni zamu yetu. Tumealikwa wiki mbili, mwishoni mwa Mei, watu tisa: mchungaji, wazee wa kanisa wawili, mwinjilisti, wanakwaya wanne na mimi. Nauli nusu wanalipa wenyeji, nusu tumeichanga kwa minada ya Jumapili na sadaka maalumu, na imetimia. Ukimtoa mchungaji, hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege.

Ninachoombea ushauri hasa ni hiki. Kamati ya ujenzi imeandaa andiko la kuwaomba wenzetu msaada wa paa la kanisa, kurasa kumi na mbili, picha na makadirio ya fundi vimo. Paa linavuja kweli. Masika yaliyopita tulisogeza viti vya kwaya ili tupate pa kuweka ndoo. Wanataka tulikabidhi siku ya kwanza, kwenye mapokezi, watu wote wakiwepo. Nusu ya baraza la wazee inawaunga mkono. Mwinjilisti wetu akauliza swali moja tu: "Nikishika bakuli kwa mikono miwili, wenzetu nitawasalimu kwa mkono upi?" Kikao kikafungwa bila uamuzi.

Mliowahi kwenda, mlifanyaje? Na la viza, mizigo na zawadi, kama lipo la kutuambia tuambieni. Jumapili ijayo tunakaa tena.

Mwalimu_Mstaafu

Amina, mama katibu.

Nilikwenda 2017, mwaka wa kuadhimisha miaka 500 tangu Luther atoe zile hoja 95 kule Wittenberg. Tulikuwa wanane, na mwenyekiti wa msafara nilikuwa mimi. Sisi andiko tulilibeba, na aliyelitoa kwenye begi ni mimi. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Nianze na safari. Tulitoka nyumbani saa nane mchana kwa Hiace hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), tukaunganisha Addis Ababa usiku, asubuhi tukawa Frankfurt. Mabegi mawili hayakufika. Shirika la ndege lilituletea siku ya tatu, na ndani yake ndimo yalimokuwa majoho yote ya kwaya. Yagawanyeni majoho, kila mtu alibebe lake kwenye begi la mkononi. Kutoka Frankfurt ni treni hadi Leipzig, zaidi ya saa tatu. Treni ya kule haimngojei mtu, wala haina konda wa kugonga bodi. Tulikuwa tunabadilisha Erfurt. Tukashusha mabegi kwa kupokezana, mama mmoja wa kwaya akarudi ndani kuchukua kitenge alichokisahau kitini, mlango ukajifunga. Tulimwona kupitia kioo, kiganja kimoja ameweka kifuani, treni ikaondoka naye. Alishushwa kituo kilichofuata na kurudishwa baada ya karibu saa mbili. Kilichomsaidia ni karatasi aliyokuwa nayo mfukoni: jina la mwenyeji, anwani na namba ya simu, vimeandikwa kwa Kijerumani. Wote tisa muwe nayo. Msimwachie kiongozi peke yake.

Sasa andiko. Letu lilikuwa la madarasa ya chekechea. Jioni ya pili kulikuwa na chakula cha pamoja kwenye jumba la usharika, kila familia imeleta chake. Nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa akinionyesha albamu ya picha. Alikuwa amefika kwenye picha aliyopiga mwenyewe kwenye kanisa letu, miaka mingi nyuma, na ndani yake nikamtambua marehemu baba yangu mdogo amesimama mlangoni na Biblia kwapani. Nilikuwa bado naiangalia wakati ratiba iliponiita. Nikasimama, nikashukuru, nikalisoma andiko, kijana mmoja akitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipotaja kiasi, yule mzee aliifunga albamu taratibu, akaweka mikono yake juu ya jalada.

Hakuna aliyekasirika. Mchungaji wao alijibu kwa upole kwamba masuala ya fedha yana njia yake, yanapitia kamati yao ya juu na ofisi ya dayosisi yetu. Lakini tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Siku tatu nzima kila aliyekutana nasi alijieleza. Mtunza hazina alikuja asubuhi na faili lake kutuonyesha walivyo na kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Kule mkristo hukatwa kodi ya kanisa, ambayo kwa Saxony ni asilimia 9 ya ile kodi yake ya mapato, si ya mshahara wote. Fedha hizo haziingii kwenye sanduku la usharika. Huingia kwenye kanisa lao la jimbo zima na kugawanywa. Asiyelipa kodi ya mapato, kwa mfano mwanafunzi au mstaafu mwenye pensheni ndogo, hakatwi. Na kila anayejiondoa kanisani anaondoka na mchango wake. Zile fedha za ushirikiano zinazotufikia sisi, wale wazee walizipata kwa kuoka keki na kuandaa konsati. Nilikuwa nimewafanya watu wanaooka keki wanitolee mahesabu.

Albamu ile sikuiona tena. Nilitaka kumwomba anichapishie ile picha ya baba mdogo, nikaona haya.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka 74, mjane, anaishi peke yake. Jioni kule wanakula mkate baridi, jibini na nyanya. Mjiandae, msikae mkisubiri sufuria. Juu ya meza yake ya jikoni kulikuwa na cheti chake cha Kipaimara kwenye fremu, na aya ya Zaburi ya 23. Nikamwambia kwa ishara kwamba hata mimi ninacho. Akakishusha, akafuta kioo kwa pindo la aproni, pole pole, kona zote nne, akakiweka mbele yangu. Kesho yake yule kijana alipokuja kutafsiri ndipo nikapata habari yenyewe. Enzi za Ujerumani Mashariki, serikali ya kikomunisti ilikuwa na sherehe yake ya vijana, ya kushindana na Kipaimara. Anayeikataa alijua anaweza kufungiwa milango ya shule. Bibi huyu akiwa na miaka 14 alichagua Kipaimara. Alitaka kuwa mwalimu. Jina lake halikuwemo kati ya walioendelea na masomo, akaenda kiwanda cha nyuzi, akafanya kazi humo hadi kilipofungwa baada ya nchi kuungana 1990. Oktoba 9, 1989 alikuwa Leipzig kwenye yale maandamano ya kuipinga serikali yaliyotoka kwenye ibada za amani za kanisa la Nikolaikirche, watu wapatao 70,000, na alisema mume wake alimuaga asubuhi ile kama anayekwenda vitani.

Mimi nimefundisha miaka 36, na kazi hiyo sikuigharimia chochote. Nilimshika mkono, basi.

Jumapili tulikwenda kanisani. Kanisa la mawe, zuri, ukilijaza linaingiza watu mia nne. Nilihesabu: kumi na tisa, ukitutoa sisi. Mchungaji wao anahudumia makanisa sita, ibada kwenye kanisa moja huwa mara mbili kwa mwezi. Sehemu ile ya nchi watu wengi hawana dini kabisa, na si wabaya, ni vizazi viwili vilivyokua bila kusikia. Tulipoanza ule wimbo wa Luther wa ngome, sisi kwa Kiswahili wao kwa Kijerumani, tuni ni ile ile, nikaona mzee wa albamu amegeuka kutuangalia huku anaimba. Mambo yaliyotokea baada ya ibada hayakuwa kwenye ratiba. Mama zetu walikuwa na vikapu vya zawadi vilivyobaki. Mmoja akasema, hawa kinanda chao kimeharibika sauti za chini, kwa nini tusiwafanyie mnada? Tukatoka nje, tukasimama kwenye nyasi kama nyumbani, mwinjilisti wetu akaanza kunadi. Mwanzo walikaa kimya, hawakuelewa. Bibi mwenyeji wangu akataja euro tano. Mzee akataja kumi. Kikapu cha mwisho kilifika euro arobaini, akakichukua yeye mzee. Fedha zote zikabaki kwao, za kinanda.

Usiku ule walituuliza kwa mara ya kwanza maswali ya kweli: watoto wenu wanabaki kanisani? Mnawazikaje watu wenu? Mchungaji wenu akiumwa nani anahubiri? Walikuwa wanataka kujua kwa sababu wanapungua na hawajui wafanye nini. Tulikaa hadi saa sita.

Mama, andiko lipelekeni dayosisi mapema, lifuate njia yake. Kwenye begi msiliweke.

Mzee_wa_Ujenzi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi niko kwenye kamati kama hiyo inayosemwa hapa na naomba nisikilizwe. Paa likivuja, wanaolowa ni bibi zetu. Paulo katika 2 Wakorintho 8 aliwaomba Wakorintho waziwazi wachangie watakatifu wa Yerusalemu, tena akawataja Wamakedonia ili wawaonee wivu mwema. Kuomba si aibu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro 1893 walitukuta na vyetu, wakatuambia sisi sote ni mwili mmoja. Mwili mmoja kiungo kikiumia hakisemi? Na je, hayo madarasa mlijengewa au hamkujengewa?

Mwalimu_Mstaafu

Mzee wangu, maneno yako ni ya haki. Kuomba si aibu, sijasema hivyo. Soma sura hiyo mbele kidogo: Paulo alimtuma Tito na ndugu wengine, watu waliochaguliwa na makanisa, ili mchango ule uende mbele ya watu wote kwa utaratibu na pasiwe na lawama. Hakusimama mezani watu wanakula. Kosa langu lilikuwa la mahali na wakati. Niliwaomba watu kabla sijawajua, na mbele ya watu ambao hawakuwa na mamlaka ya kusema ndiyo wala ujasiri wa kusema hapana.

Madarasa yapo. Mawili yalijengwa kwa msaada uliopitia dayosisi, miaka miwili baadaye. La tatu tulilijenga wenyewe. Na nikuambie, barua ya kuunga mkono ombi lile iliandikwa na yule mtunza hazina wa faili.

Binti_wa_Ughaibuni

Shikamooni wazee. Naishi Ujerumani na nimesaidia makundi kadhaa ya sharika kuja huku, nichangie la viza.

Mnaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Siku 15 ni mwisho wa sheria, msiifanye ndiyo mpango wenu. Tafuteni miadi mapema kabisa kwa sababu tisa ni wengi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima igharimie matibabu hadi angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya siku mtakayoondoka Ulaya, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi nyuma. Kila mtu ataacha alama za vidole.

Wenyeji waende wenyewe ofisi ya wageni ya wilaya yao wasaini hati rasmi ya udhamini. Barua ya mwaliko ya mchungaji ni nzuri lakini haibebi uzito huo. Hati hiyo isitolewe mapema mno, kwa kawaida inatakiwa itumike ndani ya miezi sita.

Kuna mambo mawili yanayowaangusha wengi. La kwanza ni majina. Mtu kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina la ukoo, kwenye barua ya usharika ana jina la ubatizo, na kwenye pasipoti yako mawili mengine. Kaeni chini na karatasi zote tisa, herufi kwa herufi. Nimeona kundi linasafiri bila mzee wao mmoja kwa sababu ya herufi moja, na yule mzee alikuwa amenunua viatu vipya. La pili ni kuonyesha kwamba mtarudi. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri na ruhusa. Mkulima asijione hana cha kuonyesha: barua ya serikali ya kijiji, uanachama wa chama cha msingi cha kahawa, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, vyote vinasaidia.

Nyama na maziwa ya aina yoyote msibebe, yatachukuliwa mpakani, hata kama ni zawadi na yamefungwa vizuri. Kahawa yenu ya kukaanga leteni, itapendwa. Jumapili maduka yamefungwa. Maji ya bomba yananyweka.

Besi_wa_Kwaya

Kwa wale wanakwaya wanne. Mimi nilikwenda Juni 2023 na kwaya yetu ya vijana. Mkifika Leipzig mwombeni mwenyeji awapeleke kanisa la Thomaskirche Ijumaa jioni au Jumamosi alasiri, wavulana wa kwaya yao wanaimba pale. Mtunzi Bach aliongoza muziki wa kanisa hilo kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake liko humo ndani. Nilisimama karibu na besi zao nikawa nahema pamoja nao.

Lakini nataka kusema jingine pia. Leipzig kuna jumba la makumbusho, Grassi, lenye vitu vingi vilivyochukuliwa Afrika enzi za ukoloni, vya kwetu vikiwemo. Hans Meyer, Mzungu wa kwanza kufika kileleni Kilimanjaro, 1889, alikuwa mtu wa mji huo. Kijana wa kwao aliniuliza mbele ya watu: "Babu zetu waliwaletea Injili na pia waliwanyonga viongozi wenu. Mnatuonaje?" Sikuwa nimejiandaa. Mimi ni wa Old Moshi. Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa na Wajerumani kwetu Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake unakitafuta hadi leo. Nilimwambia tu hivyo, kwamba tunakitafuta. Alilia, nami nikashindwa kuzuia yangu. Tukaomba pamoja, wawili tu, kwenye ngazi za nje.

Septemba mwaka ule ule vipimo vya DNA vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin viliwatambua jamaa wa mafuvu matatu, moja likiwa la akida wa Mangi Meli. Novemba Rais Steinmeier wa Ujerumani akaja Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa vita vya Majimaji. Yule kijana alinitumia ujumbe siku zote mbili.

Kwa hiyo ongeeni na wazee wenu kabla ya kuondoka, muulize habari za babu zenu. Mtaulizwa.

Katibu_Usharika

Wapendwa, nimechapisha majibu yenu yote na kuyasoma kwenye baraza jana baada ya ibada. Mzee wa Ujenzi, mwenyekiti wetu wa ujenzi alifurahi sana kwa 2 Wakorintho 8, akasema "nimepata mwenzangu." Kisha akaomba arudiwe kusomewa pale pa albamu.

Tumeamua hivi. Andiko linakwenda ofisi ya dayosisi wiki hii, na nakala kwa mkuu wa jimbo. Halisafiri. Mama zangu wa Umoja wa Wanawake wameanza kusuka vikapu kumi na tano, na mwinjilisti ameombwa ajiandae kunadi kwa Kijerumani, walau namba moja hadi mia. Majina tumeyakagua: mzee mmoja amekutwa na jina tofauti kwenye cheti, Jumatano anashuka mjini kulishughulikia. Mwanakwaya wetu wa sauti ya kwanza ana bibi aliyezaliwa Old Moshi, tunakwenda kumsikiliza Jumamosi wote tisa.

Mwalimu, swali la mwisho. Vikapu kumi na tano vinaingiaje kwenye begi? Na yule mzee, mlipata kuonana naye tena?

Mwalimu_Mstaafu

Vinaingizana, kidogo ndani ya kikubwa, kama masufuria. Cha ndani kabisa jazeni kahawa, inavizuia visibonyee. Mishikio ilazwe ndani.

Yule mzee alikuja kutuaga kituoni siku ya kuondoka. Alikuwa amekibeba kile kikapu cha euro arobaini, ndani ameweka mikate ya njiani ya watu wanane na bahasha. Bahasha nilifungua kwenye treni, ilikuwa ile picha ya baba mdogo mlangoni.

Wanakwaya wabebe masweta. Asubuhi za Mei kule ni kama Marangu mwezi wa saba.